Namna ya Kufunga Misheni

Mkuu mpya wa ofisi ameniomba niandike ukurasa mmoja kabla sijaondoka Juba: misheni ni nini, inafunguliwaje, inafungwaje. Anasema vijana wa chumba cha redio wanabishana. Mmoja anaandika misheni kila gari linapotoka getini, hata likienda kununua maji ya kunywa. Mwingine haandiki mpaka gari livuke daraja. Ukurasa mmoja! Nimekaa kwenye chumba kile miaka kumi na tisa, viti vinne vimevunjika chini yangu, halafu nipewe ukurasa mmoja. Mtanisamehe, wanangu. Nitaandika kurasa ninazotaka, na mkuu akichoka kusoma apumzike, aendelee kesho.

Nianze na neno lenyewe. Mimi nilizaliwa misheni. Kwetu upande wa Bungoma, Kenya, mtu akisema misheni alikuwa na maana ya kanisa la matofali, shule, zahanati, na bomba la maji ambalo halikukauka hata kiangazi. Ukisema umetoka misheni, watu walijua umesoma, umeoga, na una viatu. Nilipofika hapa Juba nikakuta neno lilelile linafanya kazi nyingine. Madalali wa soko la Custom walikuwa kwenye misheni kutwa nzima, maana yao wanatafuta riziki, na usiulize kwa njia gani. Walinda amani wa magari meupe walijiita Misheni wao wenyewe, watu na helikopta kwa pamoja. Na ukutani mwa ofisi yetu palikuwa na fremu yenye sentensi ndefu ya Kiingereza iliyoeleza misheni ya shirika. Mkuu mmoja aliniomba niitafsiri kwa Kiswahili ili madereva waelewe. Nikaandika "Dhamira yetu ni...", nikajiona mtaalamu. Dereva mmoja aliisoma mara mbili, akanigeukia. "Mama, hii nasema tunakwenda wapi?"

"Haisemi," nikamwambia.

"Basi hiyo hapana misheni," akasema, akaenda zake akicheka.

Kwa maana ya chumba cha redio, alikuwa sahihi. Misheni ni gari kutoka kwenda kazini nje ya mji, likiwa na karatasi yenye sahihi tatu, dereva anayejulikana, redio inayofanya kazi, na mtu ofisini anayengoja lirudi. Hilo la mwisho halimo kwenye fomu. Nilifundishwa na Mzee Wani.

Niliingia kazini siku ya Jumatatu na kalamu tatu mpya na daftari, nikitarajia kupewa masomo. Mzee Wani ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba. Alikuwa Mbari, kabila la wenyeji wa hapa hapa Juba, mrefu, mwembamba, suruali yake imenyooshwa pasi hata siku za vumbi. Kazi ya redio alijifunza uhamishoni Uganda, na Kiswahili alikiokota huko huko, akakichanganya na Kiarabu cha Juba, kama wengi hapa, 'nasema' moja ikitosha kwa mimi, wewe na yeye, bila kumwomba mtu radhi. Alinitazama mimi, akatazama kalamu zangu, akasema, "Wewe natulia. Sikia kwanza."

Siku tatu nzima sikugusa kitufe. Mwanzoni nilisikia mkwaruzo tu, kama mahindi makavu yanayokaangwa. Siku ya pili nikaanza kutofautisha: hii ni mvua ya upande wa Torit, hii ni jenereta ya jirani, huyu ni dereva aliyeshika maiki karibu mno na mdomo. Siku ya tatu nikasikia sauti ndogo ndani ya mkwaruzo, nikaruka kitini. "Mzee, kuna mtu anaita!" Kumbe yeye alikuwa ameisikia kitambo, alikuwa ananingoja mimi. "Kalas," akasema, yaani basi, imetosha. "Sasa wewe naweza kufanya kazi."

Kwa ambao hamjawahi kuketi pale: Besi ndiyo sisi, chumba cha redio. Kila gari lilikuwa na namba yake. Dereva akitaka kusema, huita Besi mara mbili, kisha hujitaja. Besi ikiitika, ndipo anaendelea. Barabarani aliita kila baada ya saa moja. Asipoita, tulimwita sisi, na asipojibu mara tatu tuliamsha ofisi nzima. Juu ya meza palikuwa na ubao wenye misumari ya safu mbili, nyekundu na kijani. Gari likitoka, kadi yake ilitundikwa kwenye nyekundu. Likirudi, ilihamia kwenye kijani, na kitabuni tuliandika saa na neno moja: imefungwa.

Wiki yangu ya kwanza niliona gari limeingia uani, nikahamisha kadi upesi upesi ili nionekane hodari. Mzee Wani akainuka, akairudisha kwenye nyekundu.

"Gari limerudi, Mzee. Lile pale, ona dirishani."

"Naona gari," akasema. "Mtu iko wapi?"

Akanishika mkono, akaufungua, akanigonga kiganja kwa kidole chake. "Dereva nakuja kuweka ufunguo hapa. Unaona uso yake, nasema naye salaam. Hapo misheni nakwisha. Kabla ya hapo bado iko njiani." Ikabidi nitoke nje kumfuata dereva, aliyekuwa bado anabandua matope kwenye viatu vyake.

Nina hamu na chumba kile, wacha niseme tu. Nina hamu na birika la umeme lililokuwa likizima taa kila tulipochemsha chai, na kitabu chenye jalada gumu ambacho kurasa zake zilinukia vidole vya watu. Siku hizi mna kioo kikubwa, na kila gari ni kidoti kinachotembea juu ya ramani. Ni kizuri, sikatai. Lakini kidoti hakisalimii. Nimestaafu, ninakaa nyumbani sasa, na ikifika saa kamili mkono wangu unatafuta kalamu wenyewe.

Zaidi ya vyote nina hamu na sauti ya Lado. Ndiye yule dereva aliyeuliza tunakwenda wapi. Alikuwa dereva wa gari namba saba, na redioni tulimwita Saba. Alizaliwa kambini upande wa Adjumani, Uganda, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi huku akiwa mtu mzima na mke wake Keji. Kanuni ilimtaka dereva ataje mahali alipo na hali ya barabara, basi. Lado hakuweza kuishia hapo.

"Besi, Besi, hii ni Saba. Mbele yangu iko ng'ombe mia mbili, na hakuna hata moja najua indiketa."

"Besi, Besi, hii ni Saba. Barabara ni nzuri. Shida ni moja, imeisha."

"Besi, Besi, hii ni Saba. Hapa mama moja nauza samaki kavu, ndefu kama mguu ya mwalimu yangu. Nilete?"

"Saba, redio ni ya kazi tu," nilijibu kwa ukali, kwa sababu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Mkuu alipoondoka nikabonyeza tena. "Leta wawili."

Najua mnachotaka kuniuliza, na msinichokonoe. Yeye alikuwa na mke wake, mimi nilikuwa na mume wangu Bungoma, Mungu amrehemu, aliyenipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Hapakuwa na jambo. Lakini sauti ya mtu ukiisikia kila saa, mwaka baada ya mwaka, inakuwa yako. Nilijua akiwa na njaa, nilijua akiwa amegombana nyumbani, nilijua akinificha kwamba tairi limepasuka. Niliipenda ile sauti. Haya, nimesema.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu.

Ofisi iliweka sharti kwamba magari yote yawe yamerudi saa kumi na moja jioni. Gari likichelewa hata dakika tano, dereva na mtu wa redio waandike barua ya maelezo, kurasa mbili, nakala nne. Magari ya upande wa mashariki yalipita daraja la mto, na foleni ya pale mnaijua. Basi sisi wa redio tukabuni njia. Dereva akifika darajani anaita, sisi tunahamisha kadi kwenye kijani papo hapo na kuandika imefungwa. Kutoka darajani hadi ofisini kwetu nyuma ya mtaa wa Buluk ni dakika ishirini, siku mbaya thelathini. Nani atapotea hapo katikati? Tuliita kufungia darajani. Sikuianzisha mimi, lakini niliifanya kwa miaka, na niliifanya kwa raha. Mzee Wani peke yake alikataa, ng'o. Barua zake za maelezo zilijaa faili zima, kila moja kwa mwandiko wa kumwandikia askofu, na sisi tulimcheka. Mazoea yana taabu. Jambo likifanyika mara mia bila madhara, unaanza kuliona ni sheria.

Ijumaa moja mkuu wa wakati ule alikuwa anaagwa. Nyuma ya ofisi palipangwa viti, soda, na keki ya rangi mbili. Gari moja tu lilikuwa nje, Saba, likitoka Torit, upande wa mashariki. Saa kumi na dakika ishirini Lado akaita.

"Besi, Besi, hii ni Saba. Mimi iko daraja. Kichwa nauma kidogo. Lakini nakuja."

Nilisikia kwamba kichwa kinamuuma. Nilisikia vizuri kabisa, sauti yake ilikuwa nzito, haikuwa na mzaha hata chembe, na mimi ndiye niliyejisifu kwamba naijua. Nikajibu, "Nimekupata, Saba. Kunywa maji, uje upesi, keki inaisha." Nikahamisha kadi kwenye kijani. Nikaandika imefungwa. Kadi zote zikiwa kwenye kijani, mtu wa redio aliruhusiwa kutoka chumbani. Nikapunguza sauti ya redio, nikaenda kula keki.

Mkuu alihutubia muda mrefu. Alisema juu ya dhamira yetu na moyo wa kuwajali watu, na mimi nilipiga makofi. Hakuna aliyeuliza Saba yuko wapi, kwa sababu ubao ulisema amerudi. Hata mimi sikuuliza. Nilipomkumbuka nilidhani yuko nyuma huko na madereva wenzake.

Saa kumi na mbili kasorobo nilirudi chumbani kuchukua mkoba wangu. Msumari wa kutundikia ufunguo wa Saba ulikuwa mtupu. Nikakimbia getini. Askari alikuwa na kipande cha keki mkononi na redio yake ilikuwa kwenye chaji, imezimwa.

"Saba ameingia saa ngapi?"

"Saba? Bado, mama. Si yuko misheni?"

Nilirudi mbio, nikapandisha sauti ya redio, nikashika maiki. "Saba, Saba, hii ni Besi." Mkwaruzo. "Saba, Saba, hii ni Besi." Niliita mara tatu kama sheria inavyosema, halafu nikaita mara ambazo sheria haisemi.

Mzee Wani alikuwa anatoka kwenda kwake. Aliona uso wangu, hakuuliza kitu, akachukua ufunguo wa gari jingine. Tulimkuta mtaa wa Malakia, kando ya maduka, kabla jua halijazama. Gari lilikuwa limeegeshwa vizuri, injini inaunguruma. Lado alikuwa ameegemea dirisha, macho wazi, upande mmoja wa uso umelegea, mate yanamtoka. Mama wa chai aliyekuwa hatua kumi kutoka pale akashika kichwa. "Jameni, sisi tunafikiri amelala! Dereva wenu nalala hapa kila siku!" Maiki ilikuwa mapajani mwake, waya wake umevutwa mpaka mwisho.

Daktari alisema ni kiharusi. Akauliza amekaa hali hiyo muda gani. Nikasema sijui. Akasema tungemleta mapema wangejaribu kumwokolea mengi, sasa wataokoa uhai. Nikatoka nje ya wodi, nikakaa sakafuni. Tangu saa ile nimekuwa na swali moja, na sikuwa na mtu wa kumwuliza. Aliniita? Redio yetu haikuweka kumbukumbu ya sauti. Kilichosemwa bila mtu wa kusikiliza kilikwisha palepale.

Uhai uliokolewa, maneno hayakuokolewa. Na hapo karatasi zikaanza. Kitabu kilionyesha misheni ya Saba imefungwa saa kumi na dakika ishirini. Gari lilipatikana Malakia saa kumi na mbili, limesimama madukani. Kamati ya ofisi ikauliza: muda wote huo alikuwa wapi na gari la kazi? Kama hakuwa kwenye misheni, basi alikuwa kwa mambo yake, na ofisi haiwezi kumpeleka Kampala kutibiwa. Wangekaa Jumatatu mchana kuamua. Lado hakuweza kujitetea hata kwa neno moja. Ushahidi wote dhidi yake ulikuwa mwandiko wangu.

Jumamosi nilinyamaza. Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nikisema nitafukuzwa, na wenzangu wawili wa zamu nyingine watafukuzwa nami, na mume wangu alikuwa tayari mgonjwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Woga nao huwa na sababu nzuri, hauji mikono mitupu.

Jumatatu asubuhi Keji alikuja chumba cha redio. Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Alisimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani, macho yamevimba, akatazama mashine, akatazama ubao, akanitazama mimi.

"Wewe ndiyo Mama Besi?"

"Ndiyo, mamangu. Karibu ukae."

"Sikai. Wananiambia mume yangu hakuwa kazini. Wanasema aliiba gari kutembea." Akanyoosha kidole kwenye maiki. "Wewe ndiyo ulikuwa nasema naye. Mimi nauliza wewe peke yako. Alikuwa kazini, ama hakuwa?"

Nilitaka kulia, nikaona sina haki hiyo mbele yake. "Alikuwa kazini," nikasema. "Alikuwa anarudi kwangu. Mimi ndiye niliyefunga kabla hajafika."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa risiti, akaondoka.

Mzee Wani alikuwa kwenye kiti chake, amesikia yote. Nilifungua kitabu, nikachukua chupa ya ile dawa nyeupe ya kufutia. Akanizuia mkono. "Hapana. Piga laini moja tu juu yake, watu wasome ile uliandika kwanza. Halafu andika ya ukweli, weka sahihi." Hivyo ndivyo makosa yanavyosahihishwa kwenye kitabu cha redio, na kama hamjui hata hilo, lijueni leo. Nikapiga mstari mmoja. Nikaandika: ilifungwa kwa kosa langu, dereva akiwa darajani, aliripoti kuumwa kichwa. Nikatia sahihi.

Lado alipelekwa Kampala. Mimi nilipewa barua ya onyo, na kufungia darajani kukaisha siku hiyohiyo. Wenzangu walininunia miezi mitatu, kisha wakachoka kununa. Barua za maelezo zikaongezeka, kila moja na nakala zake nne, na hakuna aliyekufa kwa kuziandika.

Alirudi na fimbo mkononi na, niliambiwa, mdomo usio na maneno. Wakakaa Gumbo, ng'ambo ya daraja. Na hapa ndipo aibu yangu ya pili ilipo, kubwa kuliko ya kwanza. Sikwenda. Nilimtuma dereva apeleke sukari. Nilituma majani ya chai ya kwetu, nilituma sabuni, nilituma shuka. Mwenyewe sikwenda, miaka sita. Nilisema ni kazi, nilisema ni barabara, nilisema ni mvua. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama mbele ya mtu ambaye pengine aliniita na mimi nakula keki. Niliendelea kukaa kwenye redio, nikisikiliza madereva wengine, wazuri, wenye adabu, wanaotaja mahali na hali ya barabara, basi. Mara nyingine, mchana kukiwa kimya, nilijikuta nimesogeza sikio karibu na spika.

Wiki iliyofuata kustaafu kwangu nilikuwa nimefunga virago. Basi la Kampala lilikuwa Alhamisi. Jumanne asubuhi nikaona haiwezekani, nitavuka mpaka na swali lile mgongoni mpaka kaburini. Nikapanda bodaboda hadi Gumbo, nikauliza kwa Keji, wakanionyesha.

Alikuwa anaanika nguo. Alinitambua. Aliweka beseni chini polepole, akapangusa mikono. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. "Umefika," akasema, hakuongeza neno.

Lado alikuwa kwenye kiti cha plastiki, chini ya kibanda cha mabati, mkono mmoja umelala mapajani. Amekonda. Shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, safi, na ndevu zimenyolewa vizuri; mtu anamtunza. Nikasalimia. Hakunitazama, alikuwa anatazama kikombe kilichokuwa mbali naye, juu ya stuli. Akafungua mdomo. Sauti ikatoka ileile, nzito kidogo, lakini ileile.

"Besi, Besi," akasema.

Nilidhani amenitambua, nikamkimbilia. Lakini Keji alinipita, akachukua kikombe, akamnywesha maji, akamfuta kidevu.

"Hapana wewe," akasema, taratibu, bila hasira. "Yeye nataka maji. Akitaka maji, nasema Besi. Akitaka kulala, Besi. Mvua ikikuja, Besi. Mimi mke yake, nimezaa naye watoto wanne, nami pia naniita Besi. Hana neno lingine."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku. Hapa hospitali, kitanda, usiku kucha alisema hiyo. Kampala daktari aliniambia, kichwa ikiumia maneno yote naweza kuenda, moja nabaki. Mara nyingi ni ile mtu alikuwa nasema saa ile ile."

Basi ndilo jibu langu. Aliniita. Ameegesha gari vizuri, amevuta maiki, akaniita, akaniita, mpaka neno likamgandia kinywani, na kwa miaka sita amekuwa akiniita akiwa na kiu, akiwa na baridi, asubuhi na jioni, dakika arobaini kutoka mahali nilipoketi.

"Keji, dada yangu, kwa nini hukuniambia?"

"Wewe hukukuja," akasema.

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananijibu. Akanivutia stuli, akarudi kwenye kamba yake ya nguo. Niliketi karibu na Lado, goti kwa goti. Alikuwa ameshiba maji, lakini midomo ilikuwa inajikusanya tena, niliona, ile namna ya mtu anayebonyeza kitufe.

"Besi, Besi."

"Saba, hii ni Besi," nikasema. Sauti yangu haikuwa sauti ya kazini. "Nakusikia."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Keji akaacha nguo, akasimama na kibanio mkononi. Lado akaniita tena, macho bado kwangu, nami nikaitika. Basi la Alhamisi liliondoka bila mimi. Kila alipoita Jumanne ile niliitika, mpaka akachoka mwenyewe akalala.